Saa ya faili au heshi ya maudhui: Ninja itambueje kilichobadilika?

Ninja, zana huria ya kujenga programu, huamua cha kukompaili upya kwa kuangalia saa. Kila faili kwenye diski hubeba muda ilipoandikwa mara ya mwisho, yaani mtime. Malighafi (kwa mfano faili chanzo) ikiwa na mtime ya baadaye kuliko zao lake, yaani faili inayotengenezwa kutokana nayo, zao hilo hujengwa upya. Kuna pendekezo ambalo limekuwa likirudi tena na tena: Ninja ipige heshi ya maudhui ya faili (alama fupi inayokokotolewa kutokana na baiti zake), na ijenge pale tu maudhui yenyewe yalipobadilika. Wanaolitaka wamechoka kungoja mradi mzima ukompailiwe kwa sababu tu walihamia tawi jingine la git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo) kisha wakarudi. Wanaolikataa wanalinda sifa iliyoizaa Ninja. Ilitengenezwa kwa ajili ya kivinjari cha Chromium, mradi wenye faili chanzo zaidi ya 30,000, ambako zana nyingine zilichukua sekunde 10 kabla hata ya kuanza kazi baada ya faili moja kuhaririwa. Ninja ilifanya hivyo chini ya sekunde 1.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili msomaji aupime: heshi iingie kama hiari ya kanuni mojamoja (kanuni ni maelezo ya amri inayotengeneza zao), isiwe chaguo-msingi. Kasi ndiyo hoja inayotajwa kwanza, lakini si ndiyo nzito zaidi. Nzito zaidi ni faili za stempu, yaani faili za kuashiria tu kwamba hatua fulani imekamilika, ambazo watu wengi huzisahau hadi ujenzi unapoanza kutoa programu yenye makosa.

Njia ni nne

Mjadala huendeshwa kana kwamba kuna saa upande mmoja na heshi upande wa pili. Kwa kweli kuna njia nne, na ya pili na ya nne ndizo zinazosahaulika.

Ya kwanza ni "mpya kuliko": malighafi ikiwa mpya kuliko zao, jenga. Ndiyo njia ya Make, aliyoiandika Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, na Ninja na Cargo (zana ya kujenga ya Rust) zinaifuata. Ya pili ni "tofauti na rekodi": zana huandika mtime ya kila malighafi wakati wa kujenga, na ikikuta mtime yoyote tofauti, ya mbele au ya nyuma, inajenga. SCons, zana nyingine ya kujenga, huiita `timestamp-match`. Ya tatu ni heshi tupu, yaani heshi pekee bila kuangalia saa, ambayo ndiyo kawaida ya SCons. Ya nne ni mseto: angalia kwanza mtime, na faili ambayo mtime yake imesogea ndiyo pekee inayopigwa heshi. SCons inayo kwa jina `content-timestamp`. Bazel nayo, zana ya kujenga inayotegemea SHA-256 kwa kila kitu, haisomi upya faili ambayo taarifa zake kwenye diski hazijabadilika.

| Kinachotokea | Mpya kuliko | Tofauti na rekodi | Heshi tupu | Mseto |
|---|---|---|---|---|
| Tawi A, kisha B, kisha A, bila kujenga ukiwa B | hujenga | hujenga | haijengi | haijengi |
| Tawi A, jenga B, rudi A | hujenga | hujenga | hujenga | hujenga |
| Faili ya zamani imerudishwa kwa `tar` au `rsync -a` (hutunza mtime ya zamani) | haioni | hujenga | hujenga | hujenga |
| Clone (nakala ya git) mpya juu ya folda ya ujenzi iliyohifadhiwa | hujenga yote | hujenga yote | kilichobadilika tu | kilichobadilika tu |
| `touch` (husogeza mtime tu) | hujenga | hujenga | haijengi | haijengi |
| Maudhui mapya, mtime ileile | haioni | haioni | hujenga | haioni |

Penye "haioni" pana hatari, kwa sababu hapo zana inakuambia hakuna kazi wakati programu uliyonayo ni ya msimbo wa zamani. Kujenga kupita kiasi kunakula muda wako. Kutojenga kunakula siku nzima ya kutafuta kosa ambalo ulishalirekebisha.

Tazama mstari wa pili. Wengi wanaotaka heshi wanaitaka kwa ajili ya kuhama matawi, na wengi wao hujenga wakiwa tawi la pili. Hapo heshi haitawasaidia. Rekodi ya Ninja huweka hali ya mwisho tu ya kila zao. Ukishajenga B, heshi iliyoandikwa ni ya B, na `.o` (zao la kompaila) iliyoko kwenye diski ni ya B. Ukirudi A, maudhui yamebadilika kweli na kazi lazima ifanyike. Kinachotatua hilo ni kache inayoweka mazao ya A na B kwa pamoja, au folda mbili tofauti. Njia rahisi ni hii:

```
git worktree add ../mradi-b tawi-b
cmake -S ../mradi-b -B ../mradi-b/build -G Ninja
```

Sasa kila tawi lina faili zake na folda yake ya ujenzi, hakuna mtime inayoguswa, na hakuna kipengele kipya kinachohitajika.

Saa inapodanganya

Git haihifadhi mtime. Inapoandika faili kwenye folda yako inaipa saa ya wakati huo. Kwenye kompyuta yako haina shida kubwa, lakini kwenye seva ya CI (inayojenga na kujaribu mradi kila unapobadilika) inaua kache kabisa: clone mpya ina faili zenye saa ya sasa hivi, folda ya ujenzi iliyorejeshwa ina mazao ya jana, na kila zao linaonekana limepitwa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni `git-restore-mtime`, inayoipa kila faili saa ya komiti yake ya mwisho. Usiitumie pamoja na folda ya ujenzi iliyohifadhiwa. Chukua mfano: komiti iliandikwa Jumatatu kwenye tawi la mwenzako, kache ya ujenzi wa tawi kuu ikahifadhiwa Jumanne, na tawi la mwenzako likaunganishwa Jumatano. Faili iliyobadilika inapewa saa ya Jumatatu, ambayo ni ya zamani kuliko `.o` ya Jumanne. Ninja inaona kila kitu kiko sawa, inaacha kukompaili, na majaribio yanapita kwa msimbo ambao si ule uliounganishwa. Juu ya hapo zana hiyo inahitaji historia nzima ya git, wakati seva nyingi za CI huvuta komiti moja tu.

Kuna pia mashine zenye saa mbovu. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina saa ya ndani. Umeme ukikatika zinaamka na saa ya nyuma hadi mtandao uirekebishe. Laptop yenye betri ya CMOS iliyokufa ni hivyohivyo. Faili utakayohariri kabla saa haijarekebishwa itaonekana ya zamani kuliko zao lake. Kwenye NFS (diski ya mtandao), saa ya seva ikitofautiana na ya kwako, Make hutoa onyo la `Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Usilipuuze. Flash iliyofomatiwa FAT nayo huhesabu mtime kwa hatua za sekunde 2, kwa hiyo mabadiliko mawili ya harakaharaka yanaweza kupata saa moja.

Sehemu kubwa ya madhara haya, ile ya faili inayorudi nyuma, huisha kwa njia ya pili pekee, "tofauti na rekodi", bila kusoma hata baiti moja ya maudhui. Inashangaza kwamba pendekezo hilo dogo halipewi uzito linaostahili. Lingeifanya Ninja iwe salama zaidi kwa gharama ya namba moja kwa kila faili kwenye rekodi.

Gharama ya heshi

Tufanye hesabu. Mradi wa faili 30,000 zenye wastani wa KB 12 una MB 360 za kusoma. Zikiwa tayari kwenye RAM, heshi ya kasi kama BLAKE3 huzimaliza ndani ya sehemu ya sekunde. Kutoka SSD ya SATA inayosoma MB 500 kwa sekunde ni kama sekunde 0.7. Kwenye diski ya kuzunguka mambo ni mengine: kila faili ikidai kichwa cha diski kisogee kwa milisekunde 10, faili 30,000 ni sekunde 300, dakika 5 nzima, kabla kompaila haijaitwa. Heshi tupu basi haifai kwa Ninja. Mseto unafaa, kwa sababu siku ambayo hakuna kilichoguswa unagharimu karibu sawa na leo.

Kusoma chanzo ndiyo sehemu nyepesi. Mazao ni mazito: maktaba tuli yenye taarifa za utatuzi inaweza kufika mamia ya MB, na kila inapojengwa itasomwa yote ili ipigwe heshi. Ndiyo maana hiari iwe kwa kanuni: iwashe kwa kukompaili, izime kwa `ar` (inayofunga maktaba tuli) na kwa hatua ya mwisho ya kuunganisha.

Faida ya kupiga heshi mazao ni kusimama mapema: ukirekebisha maoni kwenye msimbo, `.o` ikatoka ileile, hatua ya kuunganisha isifanyike. Lakini lazima kompaila itoe baiti zilezile kwa chanzo kilekile. Ukitumia `-g` (taarifa za utatuzi), mstari mmoja ulioongezwa hubadilisha namba za mistari yote inayofuata, na `.o` inabadilika. `__DATE__` na `__TIME__` hubadilisha kila mara. `ar` isiyo katika hali ya `D` huweka saa ya kila faili ndani ya maktaba. MSVC (kompaila ya Microsoft) nayo hutia saa ndani ya faili mpaka uipe `/Brepro`. Usipoyasafisha haya, utalipa gharama ya heshi na usione faida yake.

Stempu, mahali panapovunjika kimyakimya

Kanuni nyingi huzalisha faili ambazo idadi yake haijulikani mapema. Waandishi wa kanuni hizo hutumia stempu:

```
rule zalisha
  command = python3 zalisha.py $in && touch $out
build gen.stamp: zalisha muundo.xml
```

Kazi nyingine zinategemea `gen.stamp`. Kwa saa, `touch` inasogeza mtime na zote zinajengwa. Kwa heshi, `gen.stamp` ni faili tupu, na heshi ya faili tupu haibadiliki milele. `muundo.xml` itahaririwa, msimbo mpya utazalishwa, na wote wanaotegemea stempu wataambiwa hakuna kilichobadilika. Hakuna kosa litakalochapishwa. `ExternalProject` ya CMake (zana inayoandika faili za Ninja) hutumia stempu za `touch` kwa kila hatua, kwa hiyo maelfu ya miradi inazo bila wenyewe kujua.

Hii ndiyo sababu heshi isiwe chaguo-msingi. Anayeiwasha kwenye kanuni fulani lazima kwanza aitafute `touch` katika kila kinachozalisha malighafi za kanuni hiyo, na mahali pake aandike kitu chenye maana, kwa mfano heshi za faili zilizozalishwa:

```
command = python3 zalisha.py $in && cat gen/*.h gen/*.c | sha256sum > $out
```

Sasa stempu inabadilika pale tu mazao yanapobadilika, na kanuni inafanya kazi kwa saa na kwa heshi.

Kilichopo tayari: `restat`

Kabla ya kudai kipengele kipya, tumia cha zamani. Ukiweka `restat = 1`, Ninja hukagua mtime ya zao baada ya amri kumalizika. Ikiwa haijasogea, kazi zote za mbele zilizokuwa zikingoja kwa sababu ya zao hilo hufutwa. Unachotakiwa ni amri isiyoandika faili pasipo sababu:

```
rule zalisha
  command = python3 zalisha.py $in > $out.tmp && if cmp -s $out.tmp $out; then rm $out.tmp; else mv $out.tmp $out; fi
  restat = 1
```

Huku ni kusimama mapema bila heshi yoyote, na unachagua mwenyewe mahali pake. Meson, zana kama CMake, huutumia mtindo huu kwa maktaba shirikishi: hutoa orodha ya alama za nje za maktaba (majina ambayo programu nyingine huyaita) kwenye faili ndogo, na programu zinazoitumia huunganishwa upya pale tu orodha hiyo inapobadilika. Heshi ya maktaba nzima isingeweza hilo, kwa sababu kubadilisha mwili wa kazi moja (function) ya msimbo hubadilisha baiti za maktaba hata kama alama zake ni zilezile. `configure_file` ya CMake nayo haiandiki upya faili isiyobadilika.

Ukijaribu mbinu hiyo kwenye Make bila stempu ya kati, amri itajirudia kila ukijenga, maana zao linabaki na saa ya zamani kuliko malighafi. Ninja huepuka hilo kwa kuandika kwenye `.ninja_log` kwamba zao lilishakaguliwa.

ccache upande wa pili wa mizani

ccache hukaa mbele ya kompaila, hupiga heshi chanzo na heda (faili za `.h`) zote, na kama imewahi kuona mchanganyiko huo hurudisha `.o` iliyohifadhiwa. Mtime ya chanzo haina uzito kwake, na inaweka mazao ya A na ya B pamoja. Kwa hiyo inatatua mstari wa pili wa jedwali ambao heshi ndani ya Ninja haiutatui. Kwenye CI, hifadhi folda ya `CCACHE_DIR` kati ya ujenzi na ujenzi badala ya folda ya ujenzi, na weka:

```
export CCACHE_BASEDIR=$PWD
export CCACHE_COMPILERCHECK=content
```

Mpangilio wa pili ni wa lazima pale kompaila inaposakinishwa upya kila mara, kwa sababu kwa kawaida ccache huitambua kompaila kwa mtime na ukubwa wake. Endesha `ccache -s` mwishoni uone ilipata ngapi. Kikomo chake cha kawaida ni GB 5, kidogo kwa mradi mkubwa.

Udhaifu wake: Ninja bado huanzisha mchakato kwa kila faili, na `.o` iliyotoka kwenye kache ina saa mpya, kwa hiyo hatua ya kuunganisha hufanyika kila mara. Programu inayochukua dakika 3 kuunganishwa itazichukua dakika hizo. Hapa ndipo heshi ndani ya Ninja ingeleta kitu ambacho ccache haitoi.

Uchague nini leo

Ukifanya kazi peke yako kwenye SSD yenye saa nzuri, baki na saa, tumia `git worktree` na `restat`. Kabla ya kulaumu mtime, endesha `ninja -d explain` ikutajie faili iliyosababisha. Mara nyingi ni heda moja inayozalishwa upya bila kubadilika. Kwenye CI ya C na C++, ccache. Kwenye Pi isiyo na saa au NFS yenye saa zinazopishana, SCons katika hali yake ya kawaida ni salama kuliko Ninja, na polepole kuliko Ninja. Timu inayotaka mashine nyingi zishirikiane mazao haina njia ila heshi imara, na Bazel imejengwa juu ya hilo. Saa ya mashine moja haina maana kwenye mashine nyingine.

Kwa Rust, Cargo ya majaribio ina `-Z checksum-freshness`, inayoweka heshi mahali pa mtime. Ni mfano mzuri wa jinsi ya kuingiza kitu hiki: kwa hiari, bila kugusa waliobaki. Faili zinazosomwa na `build.rs` bado zinakaguliwa kwa mtime hata ukiiwasha.

Wanaoandika pendekezo waje na haya

Kwanza, heshi ya malighafi ichukuliwe kabla amri haijaanza. Heda ni tatizo, kwani Ninja hujua zipi zilitumika baada ya kompaila ya gcc kumaliza na kutoa faili ya `-MF` inayoziorodhesha. Mtu akihifadhi heda katikati ya kukompaili, heshi itakayopigwa mwishoni ni ya maudhui mapya, ilhali `.o` ni ya maudhui ya zamani, na kosa hilo litakaa hadi heda ibadilike tena. Kinga: heda yoyote yenye mtime ya baada ya amri kuanza isirekodiwe, na zao lake libaki la kujengwa upya.

Pili, kila kazi isihifadhi heshi moja ya jumla ya malighafi zake zote. Inaokoa nafasi, lakini `-d explain` haitaweza tena kusema ni faili ipi iliyobadilika, na bila hilo hakuna anayeweza kutatua ujenzi mbovu. Jedwali moja la faili, mtime, ukubwa na heshi linatosha, na heda inayotumiwa na kazi 5,000 inaandikwa mara moja. Heshi ya biti 64 inatosha kwa rekodi ya mashine moja. Ya kushirikiwa mtandaoni iwe SHA-256 au BLAKE3, kwa kuwa huko kuna watu wanaoweza kutengeneza migongano kwa makusudi.

Tatu, vipimo viwe vitatu: muda wa ujenzi usio na kazi kwenye mradi wa faili zisizopungua 30,000 huku kache ya diski ikiwa imefutwa, muda huohuo kache hiyo ikiwa imeshajaa, na ujenzi wenye `gen.stamp` tupu ambao lazima utoe onyo pale kanuni ya heshi inapotegemea zao lenye ukubwa wa baiti 0.